Filamu ya LeBron na wenzake wa shule: ni makala au ni tangazo?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa michezo katika sekondari moja hapa Arusha, nafundisha timu ya kikapu ya wavulana. Nina kijana mmoja mwenye kipaji kikubwa mno, na klabu zimeshaanza kumpigia simu. Wenzake nao wameanza kumtazama kwa jicho jingine. Nimeipata filamu ya More Than a Game, inayomhusu nyota wa kikapu wa Marekani, LeBron James, na wenzake wa sekondari, nikaitazama na ikanigusa sana. Nataka niwaonyeshe vijana kabla hatujaenda UMISSETA. Lakini mwalimu mwenzangu ananiambia ile si makala ya kweli, ni tangazo la LeBron, kwa kuwa yeye mwenyewe alishiriki kuitayarisha. Je, ni kweli? Niwaonyeshe au niache?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Waonyeshe. Mwenzako hajakosea kabisa, na hoja yake nitaigusa kwanza, lakini amemtazama mwenye picha kwenye bango akawasahau wanaozungumza ndani ya filamu. Mimi ni mhariri wa filamu za makala na nafundisha vijana kazi hiyo. Hii ni mojawapo ya filamu ninazowapa wanafunzi waipitie kipande kwa kipande wajue imeungwa vipi, kwa hiyo uniwie radhi nikijibu kwa kirefu.

Tuanze na tuhuma. LeBron na Maverick Carter wametajwa kama watayarishaji wakuu. Maverick ni rafiki yake, alicheza naye sekondari kabla ya kuwa mshirika wake wa biashara. Filamu ilipoingia kwenye majumba ya sinema Marekani Oktoba 2009, LeBron alikuwa ametoka kutwaa tuzo yake ya kwanza ya mchezaji bora wa NBA, ligi kuu ya kulipwa ya kikapu Marekani. Mtu wa hadhi hiyo, mwenye sauti katika chumba cha uhariri, hawezi kuacha filamu imvue nguo hadharani. Ukitafuta humo LeBron mchoyo, au LeBron aliyemkosea mtu na hakuomba radhi, hutampata. Hapo mwenzako yuko sawa, na vijana wana haki ya kuambiwa hivyo kabla hujabonyeza kitufe.

Sasa tazama kamera ilivyoingia. Kristopher Belman alikuwa mwanafunzi wa filamu katika Chuo Kikuu cha Loyola Marymount, Los Angeles. Kwao ni Akron, jimbo la Ohio, mji uleule alikozaliwa LeBron. Alitakiwa kutengeneza filamu fupi ya darasani, ya dakika kama kumi hivi, akakumbuka kwamba kwao kuna timu ya shule inayozungumzwa nchi nzima. Akamwomba kocha amruhusu kupiga picha za mazoezi. Akaruhusiwa, akarudi tena, na hakuna aliyemfukuza. Hivyo ndivyo alivyoufuata msimu wa mwisho wa vijana wale, wa 2002 hadi 2003. Hakuwa na kampuni kubwa nyuma yake wala mkataba wa usambazaji. Filamu ilioneshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto mwaka 2008, na ikasubiri mwaka mwingine ndipo ikafika kwa watu.

Kwa nini nalisisitiza hili? Kwa sababu filamu ile ina tabaka mbili, na asiyezitenganisha ataamini yote au atakataa yote. Tabaka la kwanza ni picha za wakati ule: mazoezi, chumba cha kubadilishia nguo, video za nyumbani walizopiga wazazi vijana wakiwa wadogo. Hizo zilipigwa kabla mtu yeyote hajajua mwisho wake. Tabaka la pili ni mahojiano, ambapo watu wazima wameketi mbele ya taa nzuri na kusimulia yaliyopita. Hao wanajua nani alishinda, nani alitajirika, nani alibaki Akron. Kumbukumbu ya mtu anayejua mwisho hujipanga yenyewe. Maumivu yanakuwa mafunzo, na bahati inageuka kuwa mpango. Sisemi wanadanganya. Nasema vijana wako waulizwe kila mara: hii ni picha ya siku ile, au ni mtu mzima anakumbuka? Ukiwafundisha hilo tu, utakuwa umewapa kitu watakachokitumia kwa kila video watakayoiona kwenye simu zao.

Picha za wakati ule ndizo zinazoniridhisha kwamba filamu hii si tangazo. Watazame vijana wakiwa mazoezini. Hawaigizi mbele ya kamera, wameshamzoea kijana yule wa chuo mpaka hawamwoni. Wanataniana, wananuna, wanachoka. Anayetengeneza tangazo hana muda wa kukaa na mchezaji wa benchi anayefunga kamba za viatu. Belman alikaa naye.

Na hapa tunafika kwenye kiini cha jibu langu. Sifa ya filamu ile iko kwa watu watano wasio LeBron: Dru Joyce mdogo, Sian Cotton, Willie McGee, Romeo Travis, na kocha, baba yake Dru, anayeitwa Dru Joyce pia. Mtoe LeBron kwenye filamu ile na bado utakuwa na hadithi nzuri. Watoe hao watano na utabaki na mkusanyiko wa danki, yaani mipira inayosukumizwa kwa mkono ndani ya ringi, na danki za LeBron zimejaa mtandaoni bure.

Chukua kocha. Hakuwa mtu wa kikapu. Alipenda mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu, na riziki yake aliipata katika mauzo ya kampuni ya vyakula. Aliingia kwenye kikapu kwa sababu mwanawe aliupenda mchezo huo, akajifunza kwa kusoma vitabu, kutazama kanda na kuhudhuria semina za makocha. Timu ya kwanza, Shooting Stars, ilifanya mazoezi katika ukumbi wa Jeshi la Wokovu, mtaa wa Maple, Akron. Ukumbi mdogo, na sakafu yake ilikuwa ya linoliamu, ile tunayoiona kwenye korido za ofisi za zamani, si ya mbao. Mpira hudunda vingine pale, na ukianguka unajua umeanguka. Wewe unayefundisha kwenye uwanja wa saruji uliopasuka utamwelewa mtu huyu kuliko watazamaji wengi wa Marekani walivyomwelewa.

LeBron alifika kwenye timu ile akitoka katika maisha ya kuhamahama. Mama yake, Gloria, alimzaa akiwa na miaka 16, na kwa muda mrefu hawakuwa na makazi ya kudumu. Alipokuwa darasa la nne alikosa shule siku nyingi mno, mpaka familia ya kocha wake wa utotoni ikamchukua akae kwao. Willie naye alitoka Chicago kuja kulelewa na kaka yake Akron, kwa sababu nyumbani kulikuwa na shida. Kwa hiyo timu ile ilikuwa chakula cha jioni, usafiri wa gari la familia, na mtu mzima anayeuliza umefika nyumbani saa ngapi. Filamu haihubiri jambo hili. Inaonyesha tu wazazi ni akina nani na watoto wanalala wapi, na ukimaliza kutazama unaelewa kwa nini vijana hawa hawakutaka kutenganishwa.

Mwaka 1999, wakiwa na umri wa chini ya miaka 14, walifika fainali ya taifa ya mashindano ya AAU, chama cha michezo ya ridhaa cha Marekani, huko Orlando, Florida. Wakafungwa kwa pointi mbili na timu ya kusini mwa California, mtupo wa mwisho wa LeBron ukagonga na kutoka. Wakaapa kwamba watacheza pamoja sekondari mpaka watwae ubingwa wa nchi.

Kisha likaja jambo ambalo nakuomba ulisimamie kidogo darasani. Watu weusi wa Akron walitarajia vijana hawa waende Buchtel, shule ya umma yenye wanafunzi weusi wengi na jina kubwa la michezo. Dru mdogo akakataa. Alikuwa mfupi mno, akaona wazi kwamba Buchtel hatapewa nafasi ya haki. Akachagua St. Vincent–St. Mary, shule ya Kikatoliki ya kulipia yenye wanafunzi wengi Wazungu. Wenzake wote wakamfuata, akiwemo LeBron, ambaye Buchtel wangempokea kwa ngoma na vigelegele. Mjini waliitwa wasaliti. Hebu fikiria: nyota anachagua shule kwa sababu ya mchezaji mfupi kuliko wote. Mwambie hilo kijana wako, na waambie pia wale wanaomtazama kwa jicho jingine, kisha nyamaza uone nani ataanza kuzungumza.

Sababu nyingine ya kuchagua shule ile ilikuwa kocha wake, Keith Dambrot. Dru mdogo alimfahamu kwenye mazoezi ya wazi ya kila Jumapili katika kituo cha jumuiya ya Wayahudi mjini humo. Dambrot aliwahi kuwa kocha wa Chuo Kikuu cha Central Michigan, akafukuzwa mwaka 1993 kwa kutamka neno la kibaguzi kwa watu weusi mbele ya wachezaji wake. Habari hiyo haikuwa siri. Familia za vijana hawa weusi zilimkabidhi watoto wao huku zikijua. Mimi naona hiki ni kipande kizito kuliko mechi yoyote, na ningependa filamu ingekikalia kwa muda mrefu zaidi.

Dambrot aliwakaripia kama watu wazima, na ikazaa matunda. Mwaka wa kwanza, 2000, walimaliza msimu bila kufungwa, michezo 27. Kwenye fainali ya jimbo dhidi ya shule ya Greeneview, Dru mdogo aliingia akitokea benchi. Ukimtazama unaogopa kwa niaba yake, maana jezi imemzidi na mabeki wanamtazama kwa juu. Akarusha pointi tatu, ikaingia. Akarusha tena. Alirusha mara saba kutoka mbali na zote saba zikaingia, pointi 21 za mtoto aliyedhaniwa hawezi kucheza sekondari. Simamisha filamu hapo. Usiseme kitu kuhusu bidii. Waulize wachezaji wako wa akiba: yule kijana alikuwa anafanya nini wiki zote ambazo hakuingizwa? Wenzake walimwita Jenerali, na si kwa mzaha. Alikuwa anakariri mchezo wa kila mtu.

Mwaka 2001 walitwaa tena ubingwa wa jimbo, wakifungwa mchezo mmoja tu, kwa pointi moja, na shule ya Oak Hill Academy. Msimu huo Romeo Travis alikuwa amehamia kutoka shule nyingine, na wale wanne hawakumpokea vizuri. Filamu haifichi hili. Romeo anazungumza wazi jinsi alivyokuwa mgeni mezani, na wenzake wanakubali kwamba walikuwa wamejifungia. Nina hakika una Romeo wako kwenye timu, kijana aliyehamia kidato cha tatu anayekula peke yake.

Halafu Dambrot akaondoka kwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Akron. Vijana waliona wamesalitiwa. Nafasi akapewa Dru Joyce baba, aliyekuwa msaidizi. Na kuanzia hapo, kwa maoni yangu, ndipo filamu inapata uzito wake.

Februari 2002 LeBron, akiwa na miaka 17, alitokea kwenye jalada la jarida la michezo la Sports Illustrated. Michezo ya shule ikahamishiwa ukumbi wa chuo kikuu kwa kuwa ukumbi wao haukutosha. Watu wazima wakawa wanasubiri saini kwenye hoteli walikofikia watoto. Shule ilikuwa imepandishwa daraja, wapinzani ni wagumu zaidi, na vijana wakaacha kusikiliza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wakamaliza na vipigo vinne, na cha nne kilikuwa fainali ya jimbo, 71 kwa 63, mbele ya Roger Bacon, shule ya Cincinnati. Wanasimulia wenyewe kwamba walikuwa wameshajiona mabingwa kabla ya kuingia uwanjani, na kwamba usiku wa kuamkia fainali haukuwa usiku wa watu wanaojiandaa na mchezo.

Kocha Dru alibeba lawama mjini. Lakini sikiliza jinsi anavyozungumza juu ya mwanawe. Anakiri kwamba alimbana Dru kuliko mchezaji mwingine yeyote, kwa kuogopa watu waseme anampendelea, na kwamba mpaka nyumbani aliendelea kuwa kocha. Mwana naye anasema alichokihisi. Hakuna kampuni ya viatu inayohitaji mazungumzo hayo ili kuuza kiatu. Kama mwenzako bado anabisha, mwonyeshe kipande hicho tu, na kama naye ana mtoto anayemfundisha darasani kwake atakaa kimya.

Msimu wa mwisho ulikuwa wa kelele. Desemba 2002 mchezo wao na Oak Hill ulirushwa nchi nzima na kituo cha michezo cha ESPN2, wakashinda 65 kwa 45, LeBron akapata pointi 31. Kampuni ya televisheni ya kulipia ikawa inauza michezo ya watoto wa shule kwa wateja wake. Januari ikaibuka habari ya gari: mama yake alikuwa amemnunulia Hummer kwa mkopo alipotimiza miaka 18. Chama cha michezo ya sekondari cha Ohio kikachunguza, kikaona hakuna kosa. Siku chache baadaye ikaja ya jezi. Duka moja la Cleveland lilimpa jezi mbili za kumbukumbu, zote pamoja zikiwa na thamani ya dola 845. Kanuni za jimbo zilikataza mwanafunzi kupokea zawadi kwa sababu ya umaarufu wake wa michezo. Akafungiwa msimu wote uliobaki. Wakaenda mahakamani, jaji akapunguza adhabu iwe michezo miwili, na ushindi mmoja dhidi ya Buchtel ukafutwa na kuhesabiwa kipigo.

Kati ya adhabu ile ya chama na uamuzi wa mahakama kulikuwa na mchezo na shule ya Canton McKinley. LeBron alikaa benchi bila jezi. Ukumbi ulijaa watu waliotaka kuona timu bila nyota ikoje. Dru mdogo, Sian, Willie na Romeo, na wengine ambao majina yao hayakuwahi kuandikwa popote, wakashinda kwa pointi moja, 63 kwa 62. Mwalimu, kama una muda wa kuonyesha kipande kimoja tu cha filamu nzima, onyesha sehemu hii ya msimu. Mchezo uliofuata LeBron alirudi akafunga pointi 52 dhidi ya Westchester ya Los Angeles, sawa na timu nzima ya wapinzani, na hiyo ndiyo inayokumbukwa. Mimi nakumbuka zaidi ile 63.

Fainali yao ya mwisho ilimalizika 40 kwa 36 dhidi ya shule ya Archbishop Alter, wapinzani wakiwa wamepunguza kasi makusudi ili mpira usifike kwa LeBron mara nyingi. Haukuwa mchezo wa kupendeza. Ulitakiwa uvumilivu. Gazeti la USA Today liliiweka timu yao namba moja nchini, na kile walichoapa baada ya Orlando kikatimia.

Sasa nirudi kwa mwenzako, maana nisije nikaonekana nimeivutia filamu upande wangu. Kuna mahali ni nyembamba. Pale kwenye gari na jezi, filamu inasimama na kijana dhidi ya waandishi wa habari, na inamaliza haraka. Lakini nani alifaidika na pesa zile zote za tiketi na televisheni? Shule, kampuni za matangazo, wenye kumbi. Vijana hawakuruhusiwa kupokea hata fulana. Hilo ni swali kubwa la michezo ya Marekani, na mtayarishaji ambaye mwaka 2003, kabla hajagusa mpira wa NBA, alisaini na Nike mkataba wa takriban dola milioni 90, si mtu wa kulisukuma mbele sana. Pia upande wa pili hausikiki. Watu wa Buchtel walioona wamekimbiwa walikuwa na hoja yao, kwamba vipaji vya watoto weusi vinahamishiwa shule za kulipia, na hoja hiyo inapita kama upepo. Vijana wa Roger Bacon, waliowafunga kwa haki, hawapewi nafasi ya kueleza walifanyaje.

Ukitaka vijana waone makala ambayo hakuna mchezaji aliyekuwa na mkono jikoni, watafutie siku nyingine Hoop Dreams ya mwaka 1994. Inawafuata wavulana wawili wa Chicago, William Gates na Arthur Agee, kwa miaka mingi, na hakuna hata mmoja aliyefika NBA. Arthur anaondolewa shule ya kulipia kwa sababu ya ada, na kamera iko pale na mama yake akihangaika. Ni ndefu, karibu saa tatu, kwa hiyo igawe jioni mbili. Lakini kwa timu inayoanza kumtazama nyota wake kwa jicho jingine, anza na hii ya Akron, kwa kuwa ndiyo inayozungumza juu ya ugonjwa wenu.

Vijana watauliza wale wengine waliishia wapi, na jibu lake ni zuri kuliko filamu yenyewe. Dru mdogo na Romeo walikwenda Chuo Kikuu cha Akron, wakacheza chini ya Dambrot yuleyule aliyewaacha. Romeo alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yao ya vyuo mwaka 2007. Wote wawili walicheza kulipwa nje ya Marekani kwa miaka mingi. Sian, mwenye mwili mkubwa, aliingia Ohio State kwa mpira wa Kimarekani. Willie alirudi St. Vincent–St. Mary kuwa mkurugenzi wa michezo, na Kocha Dru aliendelea kuifundisha shule hiyo na kushinda mataji mengine. Dambrot alihamia Duquesne, chuo cha Pittsburgh, akaipeleka kwenye mashindano makubwa ya vyuo Machi 2024 kwa mara ya kwanza tangu 1977, kisha akastaafu. Nafasi yake akakabidhiwa Dru mdogo, yule mfupi, aliyekuwa msaidizi wake.

Kuhusu namna ya kuonyesha. Filamu ina takriban saa moja na dakika 45. Usiwaweke vijana wakaitazama yote kwa mkupuo halafu ukauliza wamejifunza nini. Watakujibu nidhamu na kujituma, kwa kuwa wanajua mwalimu anapenda kusikia hivyo. Simamisha mara tatu: baada ya pointi tatu saba za Dru, baada ya kipigo cha 2002, na baada ya LeBron kufungiwa. Kila unaposimamisha, wa kwanza kuzungumza awe mchezaji wa akiba. Nyota wako azungumze mwisho, na usimwite LeBron wetu hata kwa utani, kwa kuwa utakuwa umeshawapangia wenzake viti vyao. Kama Kiingereza kinawapita kasi, washa maandishi chini ya picha, na soma kwa sauti zile sehemu za mahojiano ya kocha na mwanawe. Usiziruke kwa sababu hazina mchezo.

Na yule kijana, baada ya siku hiyo, mwite pembeni pamoja na mzazi au mlezi wake. Mweleze habari ya zile jezi mbili. Klabu inayompigia ikimletea viatu, simu au nauli, asipokee kabla hamjauliza kanuni za mashindano na kabla mzazi hajajua. Chukueni daftari, muandike kila aliyepiga, tarehe, na alichoahidi, na daftari likae kwa mzazi, si kwako wala kwa kijana.